Pumu ya mtoto na kikohozi cha bibi: kwa nini inhela moja haitoshi nyumba nzima

Ujumbe ulitufikia studio wakati wa kipindi cha afya, kutoka kwa msikilizaji wa Ijumbi, wilayani Muleba. Mtoto wake wa miaka tisa ana pumu na amepewa inhela, yaani kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Mama mkwe wake naye anakohoa, huu ni mwaka wa tatu, na usiku kifua chake kinalia kama filimbi. Aliuliza: je, bibi avute dawa hiyo hiyo ya mjukuu?

Dakika tulizokuwa nazo hewani hazikutosha kumjibu vizuri. Jibu kamili tunaliweka hapa, ulisome kwenye simu kwa nafasi yako.

Tuanze na kifua chenyewe. Hewa ikipita kooni huingia kwenye bomba kubwa, kisha bomba hilo hugawanyika matawi kama mti, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia. Matawi hayo yakiwa membamba kupita kiasi, kwa sababu yoyote ile, hewa hupita kwa shida na hutoa mlio. Kwa hiyo mlio wa filimbi unakuambia kwamba njia imebana, lakini haukuambii imebanwa na nini. Watu watatu wanaweza kukaa kwenye benchi moja la zahanati wakikohoa sawasawa, na kila mmoja akawa na ugonjwa wake.

Wa kwanza ni mtoto wetu. Mwenye pumu ana mirija ya hewa iliyo nyepesi kukasirika. Ikikutana na vumbi, baridi, mafua au moshi, huvimba kwa ndani na misuli yake hujikaza. Shambulio likipita, mirija hufunguka tena. Ndiyo maana mtoto wa pumu anaweza kubanwa usiku kucha na asubuhi akaenda kucheza mpira, na majirani wakasema alikuwa anadeka.

Wa pili ni bibi, na hapa nakisia tu, kwa kuwa hajapimwa. Amepika miaka arobaini kwenye mafiga matatu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ndizi na maharage yanayohitaji moto wa muda mrefu. Moshi wa kuni hukwaruza mirija siku baada ya siku hadi ikaharibika na kubaki imebana. Ugonjwa huu madaktari huuandika kwa herufi nne, COPD, maana yake ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Tofauti na pumu, mirija iliyoharibika hivi hairudi kuwa kama zamani. Anayevuta sigara au kiko huupata pia, lakini wengi vijijini kwetu wanaougua hawajawahi kushika sigara.

Wa tatu ni mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Alimaliza dawa zake na makohozi yakaonekana hayana vimelea, lakini mapafu yamebaki na makovu na baadhi ya mirija imetanuka, kwa hiyo makohozi yanajikusanya humo na kuoza. Anakohoa, anakonda, na watu wanamwona kama bado anaambukiza. Mkoa wetu wa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, mwaka 1983, na kifua kikuu kilifuatana na UKIMWI kama kivuli. Watu wa kundi hili tunao wengi kuliko tunavyodhani.

Kama unafikiri ugonjwa wa moshi ni wa wachache, tazama majirani zetu wa Uganda. Watafiti waliwapima watu 588 wa wilaya ya Masindi wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watu 16 katika kila 100 walikuwa na mirija iliyoziba kwa namna hiyo ya kudumu, wanawake kwa wanaume. Karibu wote waliopimwa walikuwa wanavuta moshi wa kuni au mkaa majumbani. La kushtua zaidi, kundi kubwa zaidi kati ya waliokutwa na ugonjwa lilikuwa la watu walio bado katika miaka yao ya thelathini. Kule Masindi wanapika kama tunavyopika.

Kabla ya dawa, kipimo

Kanuni ya kwanza nchini ni hii: anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Kipimo cha makohozi na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Bibi wa miaka mitatu ya kikohozi aanzie hapo, hata kama kila mtu nyumbani ana uhakika kwamba ni "kifua cha uzee".

Kifua kikuu kikiondolewa kwenye orodha, hatua inayofuata ni kupima nguvu ya pumzi. Kuna mashine ambayo mgonjwa huipulizia kwa nguvu zote, kisha anavuta dawa ya kufungua kifua, anasubiri kama robo saa, na kupuliza tena. Pumzi ikipanda sana baada ya dawa, daktari huelekea kwenye pumu. Ikibaki chini, huelekea kwenye COPD. Si kila kituo kina mashine hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli. Kwa watu wa Muleba, hospitali za Rubya na Ndolage ndizo za karibu za kuulizia. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya Bukoba, kwenye hospitali ya mkoa, au Bugando, Mwanza.

Mashine isipokuwepo, historia yako ndiyo kipimo, na hapa wengi tunamwangusha daktari. Tunasema "nakohoa" basi. Mwambie ulianza lini, ukiwa mtoto au baada ya miaka arobaini. Mwambie kama kuna siku unakuwa mzima kabisa, kama unabanwa zaidi alfajiri, kama ukoo wenu una pumu, kama umewahi kumeza dawa za kifua kikuu. Mtaje pia kazi. Wanaokoboa na kupakia kahawa huvuta vumbi jingi, na watafiti wa Muhimbili waliopima vumbi kwenye viwanda vya kahawa ya robusta na arabika hapa nchini waliwakuta wafanyakazi wa viwanda hivyo na dalili za kifua kuliko watu wa kazi nyingine. Wanaobanika samaki kwa moshi kwenye mialo ya ziwa nao waseme.

Dawa ya mmoja, hatari ya mwingine

Sasa turudi kwenye inhela. Nyingi tunazoziona ni za salbutamoli, mara nyingi zenye rangi ya bluu. Dawa hii hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Haiponyi uvimbe ulio ndani. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi wa mtoto mwenye pumu alijue, kwa sababu mtoto anayetulizwa kwa bluu peke yake, wiki baada ya wiki, uvimbe wake unaendelea kukua kimya kimya.

Kinachotibu uvimbe ni dawa nyingine ya kuvuta, ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni, ambayo mara nyingi huja kwenye inhela ya kahawia. (Usitegemee rangi tu, soma jina. Kwenye boksi utalikuta kwa tahajia ya Kiingereza.) Hiyo huvutwa kila siku, hata siku ambazo mtoto ni mzima, na huchukua siku kadhaa hadi wiki kabla hujaona mabadiliko. Wengi huiacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu linaloitwa GINA lilibadili mwongozo wake na kusema wazi kwamba kijana wa miaka 12 na kuendelea, au mtu mzima mwenye pumu, asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anayemaliza makopo matatu au zaidi ya salbutamoli kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali. Hesabu makopo yenu.

Kwa mwenye COPD mambo yanageuka. Yeye huanzia kwenye dawa za kufungua mirija, hasa zile zinazodumu saa 12 au 24. Steroidi ya kuvuta huongezwa kwa baadhi tu, wale wanaozidiwa mara kwa mara, kwa sababu kwa wagonjwa hawa huongeza uwezekano wa kupata nimonia. Na mwenye pumu akipewa ile dawa ya kufungua ya muda mrefu bila steroidi pamoja nayo, anaweza kufa. Maana yake, dawa iliyo sahihi kwa bibi inaweza kumuua mjukuu. Yule wa makovu ya kifua kikuu naye ana mahitaji yake: kufundishwa kutoa makohozi, kupewa antibayotiki anapopata maambukizi, na kuwekewa dawa ya kufungua kama inamsaidia kweli.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu wa Ijumbi, jibu lina sehemu mbili. Bibi akibanwa vibaya usiku na hakuna kingine, salbutamoli ya mjukuu inaweza kumfungua kifua wakati mnatafuta usafiri. Pangusa mdomo wa inhela, mpe, na muende. Lakini kuifanya iwe dawa yake ya kila siku, hapana. Itamficha daktari asijue anaumwa nini, na siku mtoto atakapoihitaji kopo litakuwa tupu.

Yapo pia ya duka la dawa muhimu. Mweleze muuzaji kwamba una pumu kabla hajakupa chochote, maana vidonge vya presha na moyo vinavyoitwa propranololi, na hata matone ya macho ya timololi, vinaweza kufunga kifua cha mwenye pumu. Baadhi ya wenye pumu hubanwa na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Kama umewahi kubanwa baada ya dawa ya maumivu, kumbuka jina lake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aseme pia, kwa kuwa zipo chache ambazo zikikutana na baadhi ya steroidi za kuvuta huzifanya zijikusanye mwilini. Na prednisoloni, ambayo naona watu wananunua kama karanga: siku tano hadi saba kwa maelekezo ya daktari wakati wa shambulio huokoa maisha, miezi ya kumeza kiholela hulegeza mifupa na kupandisha sukari.

Kuivuta ni kazi ya kufundishwa

Mgonjwa anaweza kuwa na dawa sahihi na bado ikaishia ulimini. Tikisa kopo. Toa pumzi yote nje. Bana midomo kuzunguka inhela, anza kuvuta pole pole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi kifua kijae. Zuia pumzi uhesabu hadi kumi. Subiri kama dakika moja kabla ya kubonyeza mara ya pili. Kama ni steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uyateme, vinginevyo utapata utando mweupe mdomoni.

Watoto wengi na wazee wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Dawa ya hilo ni chupa ya maji ya nusu lita. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo, ikitobolewa vizuri, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke bila kuipangusa. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, utoboe nao kitako cha chupa ili inhela iingie kwa kubana. Lainisha kingo zenye ncha au zizungushie utepe. Kabla ya matumizi ya kwanza bonyeza dawa mara kadhaa ndani yake. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, wewe unabonyeza mara moja, yeye anapumua ndani na nje mara nne au tano. Kazi hii afanye mtu mzima, na mara ya kwanza mwonyeshe muuguzi kama mmepatia.

Mtindo wa kuliweka kopo kwenye maji kuona kama linaelea hauaminiki. Hesabu. Kopo lenye vipimo 200, kwa mtu anayevuta mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ni la siku 50. Andika kwa kalamu kwenye kopo tarehe litakapokwisha.

Adui wa kila mmoja

Kila mgonjwa ana vitu vyake vinavyomchokoza, na hakuna daktari atakayevijua bila wewe. Chukua daftari la shule, kwa wiki nne andika kila ulipobanwa: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, umefanya nini kabla. Huyu atagundua ni nyasi kavu zinazotandikwa sakafuni, zikishaota ukungu msimu wa mvua. Yule ni kuanika na kugeuza kahawa. Mwingine ni paka anayelala kitandani, au baridi ya usiku anapokwenda kukamata senene. Ukishamjua adui wako huna haja ya kukimbia kila kitu. Nimekutana na watu walioacha mayai, samaki na hata ndizi kwa ushauri wa jirani, wakakonda, na kifua kikabaki vile vile kwa sababu adui alikuwa moshi.

Moshi ndio pekee ninaosema ni adui wa wote watatu. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Wakati mtungi wa gesi bado uko mbali na mfuko wako, loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, kausha kuni hadi zipasuke, toboa dirisha na tundu la moshi juu ya moto, na mtoto asikae mgongoni mwa anayepika. Bibi mwenye kifua apewe kazi nyingine nyumbani, hata kama atasema mnamnyang'anya jiko lake. Lakini tusidanganyane kuhusu jiko banifu. Utafiti mkubwa uliofanyika Malawi, uliochapishwa mwaka 2017, uligawa majiko bora vijijini na haukuona nimonia ikipungua kwa watoto wadogo. Jiko jipya ndani ya chumba kile kile kisicho na dirisha, pembeni ya taka zinazochomwa, linabadilisha kidogo.

Mazoezi nayo yanalingana na mtu. Mwenye COPD au makovu ya kifua kikuu huogopa kutembea kwa kuwa anahema, kisha misuli inalegea na anahema zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliokuwa wameugua kifua kikuu walipewa mazoezi ya kusimamiwa kwa wiki sita na wakaweza kutembea mbali zaidi kuliko walipoanza. Nyumbani anza na umbali wa hadi mgombani na kurudi, ongeza kidogo kila wiki. Ukiishiwa pumzi, vuta hewa kwa pua na uitoe pole pole kwa midomo iliyobana kama unapuliza uji wa moto.

Huko Ulaya na Marekani matibabu ya mtu mmoja mmoja yamefika hadi kuhesabu chembe za damu zinazoitwa eosinofili, na mwenye pumu kali akapewa sindano inayolenga chembe hizo. Sindano hizo ni ghali mno. Kipimo chenyewe hutoka kwenye picha kamili ya damu, ambayo hospitali zetu hufanya, na idadi hiyo humsaidia daktari kuamua kama mgonjwa wa COPD atafaidika na steroidi ya kuvuta. Ila huku kwetu minyoo na kichocho cha ziwani nayo hupandisha chembe hizo, kwa hiyo ajue hilo kabla ya kusoma namba.

Karatasi ya ukutani

Omba daktari akuandikie mpango wako kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, uibandike ukutani. Iwe na jina la dawa ya kila siku na idadi ya kuvuta, dawa ya kubanwa, na nini cha kufanya hali ikianza kubadilika. Kwa mwenye pumu jiulize kila mwezi: je, nimebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeamshwa usiku? Nimetumia ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Nimeshindwa kazi au shule? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, rudi kliniki kabla ya tarehe yako. Ukiwa na kile kipimo kidogo cha plastiki cha kupuliza, andika namba yako kubwa kabisa ukiwa mzima. Namba ya jirani haikuhusu. Ikishuka chini ya nusu ya hiyo yako, ni dharura.

Dharura haisubiri gari la asubuhi. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani anapopumua, midomo au ulimi unaogeuka rangi, mgonjwa anayesinzia au kuchanganyikiwa, wote hao waondoke sasa. Kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, hiyo si nafuu, hewa haipiti kabisa. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe salbutamoli kwa chupa, mara nne hadi kumi, moja moja, na urudie kila dakika 20 katika saa ya kwanza mkiwa njiani. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu mzima amshike kwa nyuma, na makopo yote anayotumia yawe mfukoni mwa huyo wa nyuma ili daktari ayaone.